Nyumba Iliyoliwa Jumamosi

Benki ilipompigia Kalina simu kumwambia kwamba mkopo wake wa nyumba umekubaliwa, alifanya kosa moja tu. Alimwambia baba yake.

Toza, baba mtu, hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, mambo yangekuwa rahisi. Shida yake ni kwamba furaha ilikuwa haimkai tumboni. Akipata jambo la heri lazima jirani ajue, na jirani akishajua lazima anywe kitu. Ndivyo tulivyo huku Leskovac, kusini mwa Serbia. Umefaulu mtihani wa udereva, toa ofa. Umepandishwa cheo, toa ofa. Umepata mtoto, hapo hata usiulize. Hakuna anayetaka kujua kama unazo. Watu wanataka kujua ni wapi na saa ngapi. Mwenye heri asiyetoa ofa huitwa bahili mbele ya macho yake kwa kucheka, halafu akigeuka huitwa tena bila kucheka.

Kalina jina hilo alikuwa nalo tayari, tena la kurithi. Marehemu mama yake alitoka mji wa Pirot, na nchi nzima ina vichekesho vyake kuhusu watu wa Pirot na mikono yao ya birika. Binti alikuwa na miaka ishirini na saba, karani katika kiwanda cha kugandisha matunda, na tangu aajiriwe alikuwa akibeba chakula kutoka nyumbani kwenye kopo la plastiki. Kahawa alikunywa kwake. Wenzake walipokwenda Ugiriki kuogelea, yeye alibaki kuwamwagilia maua. Walimpenda, lakini walimwita Mpirot, na yeye alicheka pamoja nao kwa sababu alijua anachokitafuta.

Alichokitafuta ni mlango. Fleti ya Toza ilikuwa na vyumba viwili, na Kalina alilala sebuleni, kwenye sofa ya kukunjua. Toza na rafiki zake walipoangalia mpira, sofa ilikuwa yao, na mwenye kitanda alikaa jikoni akisubiri timu zimalize kugombana. Hakutaka jumba la kifahari. Alitaka chumba anachoweza kukifunga, na mtu mwingine ndiye apige hodi.

Na chumba hicho kilipatikana mtaa wa pili tu. Mama Leposava, mjane aliyekuwa akihamia kwa binti yake Novi Sad, aliuza fleti yake ndogo ya ghorofa ya tatu kwa bei ya mtu mwenye haraka. Benki ingelipa sehemu kubwa. Sehemu moja kati ya tano ilibidi itoke kwa Kalina mwenyewe, na iwemo kwenye akaunti yake siku ya kusaini, yote kamili. Kusaini ni Ijumaa ya wiki inayofuata. Fedha ilikuwepo, na juu yake vijisenti vya mwanasheria. Kilichobaki kilikuwa kunyamaza tu mpaka hiyo Ijumaa.

Toza alikuwa bafuni ananyoa ndevu.

"Baba, wamekubali."

"Nani kakubali?"

"Benki. Lakini bado, baba. Mpaka nisaini. Usimwambie mtu."

"Mimi?" Toza aligeuka, povu limejaa shavu moja. "Mimi nimwambie nani, mwanangu?" Na macho yake yalikuwa tayari yanatafuta viatu.

Alimkumbatia binti yake, akampaka povu, akalia kidogo, akatoka. Kabla ya chakula cha mchana ngazi nzima ya jengo lao ilikuwa inajua. Jirani wa chini alimkamata Kalina mlangoni akamwambia, "Hongera mwenye nyumba! Tunakunywa lini?" Wa juu yake akachungulia akauliza swali hilo hilo. Kesho yake kiwandani mlinzi wa getini alimfungulia kwa saluti. "Ee Mpirot! Safari hii huponi."

Kalina hakukasirika sana. Alijua kuna cha kutoa, na alikuwa amekitengea fungu: katoni moja ya keki ndogo ndogo, chupa mbili za pombe kali ya rakia, sahani zipitishwe kwenye ngazi, basi. Alipomwonyesha baba yake hizo keki, Toza aliziangalia kama mtu aliyepewa vyombo vya hospitali.

"Keki, mwanangu? Hizi wanapewa watu waliokuja kutoa pole."

"Kuna na rakia."

"Nimeongea na Miroljub. Jumamosi mchana, pale kafana kwake. Wachache tu, wa karibu."

"Wachache ni wangapi?"

"Wachache."

"Na nani analipa, baba?"

"Mimi ni nani wako?" alisema Toza, kifua mbele. "Si baba yako?"

Jibu hilo halikuwa na tarakimu hata moja ndani yake, na Kalina, aliyeishi kwa tarakimu, alipaswa kuuliza mara ya pili. Hakuuliza. Baba yake alikuwa hajapiga pasi shati tangu mazishi ya mama, na sasa alikuwa ametoa meza ya pasi.

Jumamosi hao wachache walijaza meza tatu ndefu za kafana ya Miroljub, mgahawa wa nyama na pombe. Walikuwepo majirani wa ngazi yao na wa ngazi nyingine, wastaafu wenzake Toza wa kiwanda cha nguo, ndugu wa vijijini, na watu wawili ambao Kalina hakuwajua kabisa na waliokula kuliko wote. Mwanakondoo alikuwa mzima kwenye mti wa kuchomea. Nyama ya kusaga ilitoka jikoni kwa trei, mkate wa moto nyuma yake, saladi nyuma ya mkate. Zvezdan, binamu yake Kalina anayejenga mapaa Vienna, alikuwa likizo, naye alikaa kwenye kona na chupa yake ya maji ya gesi kwa sababu alikuwa anaendesha. Halafu wakaja wapiga tarumbeta. Nani aliwaita haijulikani. Hao harufu ya nyama ya kuchoma huwafikia hata wilaya ya pili.

Toza alikuwa ana kwa ana na tarumbeta kubwa, macho amefumba, anachomeka noti kwenye mdomo wa shaba. Wimbo ukiisha anachomeka nyingine. Kisha akapanda kwenye kiti.

"Ndugu zangu! Nani hapa alimwita mwanangu Mpirot?"

Watu wakacheka, wakanyooshana vidole.

"Haya sasa! Mtaa wa pili, ghorofa ya tatu, jua la asubuhi mpaka kitandani! Na bei! Mwanangu, niwaambie bei?"

"Baba, shuka," alisema Kalina, akimvuta suruali.

"Yuro elfu thelathini na mbili! Mama Leposava ana haraka, mwanangu kamdaka hewani!"

Makofi yakapigwa. Kule kwenye kona Zvezdan aliweka glasi chini. "Thelathini na mbili? Fleti ile? Binamu, hapo hujanunua, umeokota."

"Ndiyo," alijibu Kalina, na akatamani asingejibu.

Lakini lazima ukweli usemwe: alifurahi. Watu walimbusu mara tatu tatu. Mwanamke mzee wa ukoo alimshika uso akamwambia mama yake angejivuna leo. Walishikana mikono wakacheza kwa duara, yeye mbele, akipunga leso, na katika miaka yote ya kopo la plastiki hakuwahi kujisikia mwepesi namna ile. Ilikuwa siku yake, na hakuna aliyemwambia Mpirot. Hata jasho lilikuwa tamu.

Kisha Miroljub, mwenye kafana, akaja na bili ndani ya jalada la ngozi, akaiweka mbele ya Toza na kusubiri, mikono nyuma.

Toza alifungua pochi. Ilikuwa tupu, tarumbeta zilikuwa zimeimaliza. Akapapasa mfuko wa koti, akapapasa wa suruali, akarudi kwenye koti, kana kwamba mfuko ungeweza kubadili mawazo. Walioketi karibu waliona, na wote kwa pamoja wakaanza kuchunguza mifupa kwenye sahani zao.

"Miro, tutaongea," alisema Toza kwa sauti ya chini. "Pensheni ikitoka."

"Toza ndugu yangu. Ingekuwa rakia peke yake, nisingekuja hapa. Mwanakondoo nimemnunua kwa fedha mkononi. Na wale wa jikoni wanasubiri."

"Nipe mpaka tarehe kumi."

"Toza, tafadhali."

Miroljub hakupaza sauti, lakini wapiga tarumbeta walikuwa wamepumzika kunywa, na chumba kilikuwa kimenyamaza kwa wakati mbaya. Kalina alimwangalia baba yake shingoni. Ilikuwa nyekundu juu ya kola aliyoipiga pasi mwenyewe, vibaya, mkunjo mmoja ukienda kushoto na mwingine kulia. Alijua ni kiasi gani kimo kwenye akaunti, alijua ni kiasi gani lazima kiwemo Ijumaa, na alijua kwamba akikaa kimya dakika moja zaidi, baba yake hataingia tena kwenye kafana hii akiwa ameinua kichwa. Toza hakuwa na sehemu nyingine ya kwenda.

"Acha, baba," alisema, na akasema kwa sauti ili wa meza ya tatu wasikie. "Ofa ni yangu. Miroljub, lete mashine."

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya bei. Toza aliinua mikono yote miwili. "Mmeona? Mmemwona mwanangu?"

Kalina alibonyeza namba ya siri. Ilikuwa dinari laki moja na elfu sitini, mishahara yake miwili. Mashine ilipokuwa bado inafikiri, yeye alikuwa ameshafikiri na kumaliza.

Jumatatu alikwenda benki. Mama wa dirisha la mikopo alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani. Pengo si kubwa, alisema, lakini pengo ni pengo. Akikopa kwingine kuliziba, deni hilo litaonekana, hesabu itabadilika, na maombi yataanza upya. Akiwa na jamaa wa kumpa, sawa.

Alikwenda kwa Mama Leposava kuomba mwezi mmoja.

"Mwezi, binti yangu? Lori la vyombo nimeshalilipia." Mama Leposava alikuwa amekaa juu ya sanduku, kwa kuwa viti vilikuwa vimefungwa. "Juzi si mlichoma kondoo? Tarumbeta nilizisikia nikiwa hapa hapa. Nikasema, mtoto huyu mambo yake safi."

"Yalikuwa safi."

"Nitakungoja kadiri nitakavyoweza," alisema mama yule, na wote wawili wakaelewa kwamba kadiri yenyewe ni fupi.

Toza alipoambiwa alikaa kitako, akasema hakujua. Hakujua kweli. Alidhani fedha ya nyumba na fedha ya kafana ni fedha mbili tofauti, kama ambavyo kwake zilikuwa tofauti siku zote. Siku ya pili alivaa koti akazunguka kwa wale waliokula. Alirudi jioni na mtungi wa pilipili za kusaga, noti chache zilizokunjwa, na ushauri mwingi. Mmoja ndiyo kwanza kabadilisha magurudumu ya gari. Mwingine ana harusi ya mwanawe. Wale wawili wasiojulikana hawakupatikana, kwa kuwa hata Toza hakujua ni nani.

Ndipo Kalina akampigia Zvezdan. Aliona haya kiasi kwamba alipiga simu akiwa amesimama.

"Binamu! Nilikuwa nataka kukupigia mimi," alisema Zvezdan. "Sema."

"Nahitaji kukopa. Si nyingi. Mpaka kiangazi kiishe, nitakulipa kila mwezi."

"Aisee, binamu, ungeniambia jana. Leo asubuhi nimezitoa zote. Nimenunua nyumba."

"Hongera. Wapi?"

Zvezdan alikohoa. "Ile ya Mama Leposava."

Kalina akakaa chini.

"Nilikwenda kuangalia tu," aliendelea Zvezdan. "Akaniambia wewe umekwama, na lori linakuja, na yeye anataka fedha mkononi. Sasa nifanyeje? Angekuja mtu wa nje akaichukua. Nikasema bora ibaki kwenye ukoo. Baba yako si ndiye alitwambia bei?"

"Ndiye."

"Sikiliza, mimi niko Vienna mwaka mzima. Nyumba itakaa bure. Ukitaka, nakupangisha wewe. Kwa bei ya ndugu."

Alisema kwa moyo safi kabisa, na hilo ndilo lilimkata Kalina. Hakuwa na mtu wa kumchukia. Alimshukuru, akakata simu, akaenda jikoni akaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumamosi iliyofuata Zvezdan alitoa ofa yake, kafana ile ile. Toza alikwenda, kwa sababu kutokwenda ni aibu. Kalina alisema haendi, na ilikuwa mara ya kwanza kumwambia baba yake neno hilo bila kuongeza sababu. Toza alisimama mlangoni na kofia mkononi, akaondoka.

Baada ya hapo fleti haikutajwa tena nyumbani. Kilichotajwa ni mwanakondoo. Toza alimsimulia miaka miwili mfululizo, kila alipopata msikilizaji: namna kadi ilivyotolewa, namna binti yake alivyosema ofa ni yangu, namna Miroljub alivyobaki mdomo wazi. Katika masimulizi hayo pochi tupu haikuwemo. "Tangu daraja la mji lijengwe hakuna aliyetoa ofa mjini hapa kama mwanangu," alikuwa akisema, na Kalina, akimsikia kutoka jikoni, alikuwa anakasirika, kisha, bila kupenda, anaona fahari kidogo, kisha anakasirika kwa ajili ya hiyo fahari.

Kopo la plastiki lilirudi kazini. Bei zilipanda. Baridi ya pili alinunua fleti nyingine, upande wa pili wa mji nyuma ya reli, ndogo kuliko ile, ya chini kabisa, jua linaingia kwa kuiba. Safari hii hakumwambia mtu. Benki ilipompigia alijibu "Asante" akaendelea kuandika. Kwa baba yake alisema amepata chumba cha kupanga karibu na kazi. Toza alimsaidia kubeba mito, akasema kodi siku hizi ni wizi.

Mlango wake aliufunga kwa funguo mbili, ili kusikia tu sauti yake.

Toza aligundua wakati wa vuli. Alikuwa amekuja na gunia la pilipili, na pale mlangoni mwa jengo alikutana na mwenyekiti wa wakazi, mzee mchangamfu, aliyemsaidia kulinyanyua.

"Wewe ndiye baba wa Kalina? Mwambie Alhamisi kuna mkutano wa wenye nyumba. Tunapiga kura juu ya paa. Akikosa yeye, hatutimii."

Kalina alipofungua, baba yake alikuwa amesimama na gunia begani, hajalitua.

"Yako?" aliuliza.

"Yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu baridi."

"Tangu baridi," alisema Toza. Alitua gunia. Akaingia, akatazama dari, akagonga ukuta kwa kiungo cha kidole, akafungua na kufunga bomba la maji. "Ukuta mzuri," alisema. "Mnene."

Kalina alitoa chupa na glasi mbili. Walikunywa wakiwa wamesimama, Toza akasema iwe ya heri, na hapo ikawa imekwisha. Kalina alikuwa amejiandaa kwa kelele, kwa malalamiko, hata kwa machozi. Kwa hili hakujiandaa.

"Baba, niliogopa," alisema.

"Ulifanya vizuri," alijibu Toza, na alimaanisha, na Kalina angependa zaidi apigwe kofi.

Siku chache baadaye alipita kumchukua baba yake waende kula. Hakuwa nyumbani, kwa hiyo Kalina alikwenda kwa Miroljub. Mlango wa kafana ulikuwa wazi. Toza alikaa meza ya pili, ameipa barabara mgongo, pamoja na wastaafu wenzake wa siku zote.

"Na Kalina vipi, Toza?" mmoja alikuwa anauliza. "Hajajaliwa nyumba bado?"

Kalina alisimama kizingitini. Alimjua baba yake. Alimjua tangu alipotangaza jino lake la kwanza dirishani. Alisubiri kiti kisukumwe nyuma, apande juu, aanze: nyuma ya reli, ukuta mnene, bei. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitaka baba yake aseme.

Toza alizungusha glasi yake mezani.

"Bado," alisema. "Anapanga."

"Pole. Vijana wa siku hizi wana kazi."

"Ndiyo hivyo," alisema Toza, na akanywa.

Moyo ulimuuma Kalina kuliko Jumatatu ile ya benki. Alirudi nyuma hadi kwenye kona ya barabara, akasubiri mpaka akasikia wameanza kubishana juu ya mpira, ndipo akaingia kumwambia baba yake chakula kiko tayari.